Umri wa Vitu Vinavyogawiwa Bure: Somo Litokanalo na Chandarua

Vitu vinavyogawiwa bure ni vingi. Kampuni ya biashara hugawa kalenda za ukutani na kalamu zenye jina lake. Chama cha siasa hugawa kanga, fulana na kofia. Kiwanda cha mbegu huwapa wakulima miavuli na mikoba. Serikali nayo hugawa vyandarua, vitabu na miche. Katika kila tukio la namna hiyo mgawaji huhesabu mambo mawili kwa uangalifu: idadi ya vitu na gharama yake. Jambo la tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni muda ambao kitu kitaendelea kumfaa aliyepewa.

Kwa kalamu, kosa la namna hiyo si kubwa. Kalamu ikikauka mapema, aliyepewa hununua nyingine. Lakini kwa chandarua, kosa hilo hilo lina maana ya mtoto kulala bila kinga. Familia nyingi za Ndama, wilayani Karagwe, na za Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, zinakijua chandarua kama kitu cha kila siku. Kwa sababu hiyo chandarua ni mfano mzuri wa kujifunzia namna ya kupanga umri wa kitu kinachogawiwa. Hesabu inayohitajika haizidi ile ya kidato cha pili, na vipimo vyake vinaweza kufanywa kwa mkono mtupu.

NJIA NNE ZA KUFIKIA MWISHO

Kabla ya kuuliza kitu kitadumu muda gani, hapana budi kuuliza kitakwisha kwa njia gani. Njia ziko nne.

Njia ya kwanza ni kupitwa na tarehe. Kalenda ya ukutani hufa tarehe 31 Desemba, hata kama karatasi yake bado inang'aa. Kitu cha namna hii ni rahisi kukipangia, kwani umri wake unajulikana tangu siku ya kuchapwa.

Njia ya pili ni kuchakaa. Fulana hutoboka, mwavuli huvunjika mbavu, na maandishi ya mgawaji hufutika kwa kufuliwa. Vipande vya kitu kimoja huweza kuchakaa kwa kasi tofauti. Rangi ya maandishi huweza kwisha wakati kitambaa bado kizima, au kitambaa kikachanika wakati maandishi bado yanasomeka.

Njia ya tatu ni kuishiwa nguvu. Wino wa kalamu hukauka na betri ya tochi huisha, ilhali kwa macho kitu kinaonekana kizima. Kasoro hii ni ya hatari kuliko nyingine kwa sababu mtumiaji huendelea kukiamini kitu ambacho hakimsaidii tena.

Njia ya nne ni kuondoka mikononi mwa aliyekusudiwa. Kitu hupotea, huibwa, huuzwa, hupewa ndugu, au hutumiwa kwa kazi nyingine. Kitu chenyewe huweza kuwa kizima kabisa, lakini kwa mpango wa mgawaji kimekwisha.

Chandarua chenye dawa hukumbwa na njia tatu za mwisho kwa wakati mmoja: nyuzi zake huchanika, dawa yake hupungua, na baadhi ya vyandarua huondoka nyumbani. Ndiyo maana umri wake hauwezi kusomwa kwenye mfuko uliokibeba.

VYANDARUA KATIKA TANZANIA

Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z mjini Arusha kilianza kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe, badala ya kupakwa juu kwa kuchovya. Dawa hiyo ni ya jamii ya pairethroidi, ambazo muundo wake wa kikemia uliigwa kutoka kwenye dawa asilia ya ua la pareto. Tofauti na vyandarua vya zamani vilivyohitaji kuchovywa upya mara kwa mara, vyandarua vya aina hii hutoa dawa polepole kutoka ndani ya uzi kuja juu.

Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa Hati Punguzo, ambao ulimwezesha mama mjamzito kununua chandarua kwa bei nafuu. Mwaka 2009 na 2010 ilifanyika kampeni ya kuwagawia bure watoto wenye umri chini ya miaka mitano, na mwaka 2010 na 2011 ikafuata kampeni ya kuzifikia kaya zote. Mwaka 2013 ulianza utaratibu mwingine katika mikoa ya kusini, yaani Lindi, Mtwara na Ruvuma: vyandarua viligawiwa kila mwaka kwa wanafunzi wa madarasa yaliyochaguliwa, nao wakavipeleka nyumbani. Baadaye utaratibu huo ulienea katika mikoa mingine.

Kuhama kutoka kampeni ya mara moja kwenda ugawaji wa kila mwaka hakukuwa badiliko la bahati. Sababu yake imo katika umri wa chandarua.

«MIAKA MITATU» MAANA YAKE NINI?

Shirika la Afya Duniani husema kwamba chandarua chenye dawa ya kudumu kinapaswa kubaki na nguvu ya dawa baada ya kufuliwa mara 20 katika maabara, na kwa miaka mitatu ya matumizi ya kawaida. Wapangaji wengi waliichukua idadi hiyo kana kwamba kila chandarua huishi miaka mitatu kamili kisha hufa siku moja, kama kalenda. Ukweli ni tofauti. Vyandarua vilivyotolewa siku moja hufa kimoja kimoja. Vingine huchanika mwezi wa tatu, vingine hudumu miaka mitano.

Kwa hiyo wataalamu hutumia kipimo kiitwacho umri wa kati. Huo ni muda unaopita hadi nusu ya vitu vilivyogawiwa iwe imekwisha na nusu iwe imesalia. Mtu anayejua umri wa kati wa kitu amejua jambo lenye manufaa zaidi kuliko umri wa kile kilichodumu kuliko vyote.

Kati ya mwaka 2013 na 2016 watafiti walifuatilia aina tatu za vyandarua katika wilaya 8 za Tanzania. Vyandarua viligawiwa kwa kaya kwa bahati nasibu, kisha vikakaguliwa kwa miaka mitatu. Umri wa kati wa aina ya kwanza ulionekana kuwa miaka 2.0, wa aina ya pili miaka 2.5, na wa aina ya tatu miaka 2.6. Hakuna aina iliyofikia miaka mitatu. Maana yake ni kwamba mpango wa kugawa kila baada ya miaka mitatu uliacha kipindi ambacho zaidi ya nusu ya vyandarua havikuwapo au havikufaa, ingawa katika vitabu vya mpango vilihesabiwa kuwa vinafanya kazi.

KUPIMA MATUNDU KWA MKONO

Ni lini chandarua kilichotoboka huhesabiwa kuwa kimekwisha? Shirika la Afya Duniani limeweka utaratibu usiohitaji chombo chochote ila mkono. Matundu hugawanywa katika saizi nne, na kila saizi hupewa uzito wake:

Saizi 1: dogo, haliruhusu kidole gumba kupita. Uzito 1.
Saizi 2: huruhusu kidole gumba, lakini si ngumi. Uzito 23.
Saizi 3: huruhusu ngumi, lakini si kichwa. Uzito 196.
Saizi 4: huruhusu kichwa kupita. Uzito 576.

Idadi ya matundu ya kila saizi huzidishwa kwa uzito wake, kisha majibu hujumlishwa. Jumla hiyo huitwa kielezo cha matundu. Kielezo cha 0 hadi 64 huonyesha kwamba chandarua ni kizuri. Kikiwa 65 hadi 642, chandarua kimeharibika lakini bado kinafaa. Kikizidi 642, kimechanika mno.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini 23, 196 na 576? Jibu limo katika eneo la duara. Vipenyo vilivyochukuliwa kuwakilisha saizi hizo nne ni sentimeta 1.25, 6, 17.5 na 30. Eneo la duara hukua kwa kadiri ya mraba wa kipenyo. Gawanya 6 kwa 1.25, upate 4.8; mraba wake ni 23.04. Gawanya 17.5 kwa 1.25, upate 14. Mraba wake ni 196. Gawanya 30 kwa 1.25, upate 24. Mraba wake ni 576. Hivyo uzito wa tundu ni idadi ya matundu madogo ambayo kwa pamoja yangelingana nalo kwa eneo.

Hesabu hii ina funzo kwa kila nyumba. Chukua chandarua chenye tundu moja la saizi 4 na matundu matatu ya saizi 2. Kielezo chake ni 576 + (3 × 23) = 645. Kimevuka mpaka, kinahesabiwa kuwa kimekwisha. Mama mwenye nyumba akilishona lile tundu moja kubwa, kielezo hushuka hadi 69. Chandarua kilichokuwa kimekufa kimerudi karibu kabisa na kundi la vizuri, kwa sindano na uzi wa dakika chache.

NGUVU YA DAWA: FUNZO LA MULEBA

Matundu huonekana. Kupungua kwa nguvu ya dawa hakuonekani. Tena dawa huweza kushindwa kwa namna mbili: yenyewe kupungua katika uzi, au mbu kuizoea. Mbu wa baadhi ya maeneo wana vimeng'enya vinavyoivunja pairethroidi mwilini kabla haijawaua. Kwa mbu hao, chandarua kipya huweza kuwa dhaifu tangu siku ya kwanza.

Jambo hilo lilichunguzwa katika wilaya ya Muleba, ambayo imo katika mkoa wa Kagera kama Karagwe na Kyerwa. Mwaka 2015 baadhi ya maeneo yalipewa vyandarua vya kawaida, na mengine yalipewa vyandarua vilivyoongezewa kemikali iitwayo piperonili butoksaidi, ambayo huzuia vile vimeng'enya visifanye kazi. Kisha watoto wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 14 walipimwa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Baada ya miezi 9, watoto 42 katika kila 100 waliotoka maeneo ya vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea vya malaria. Katika maeneo ya vyandarua vilivyoongezewa kemikali walikuwa 29. Baada ya miezi 21, idadi hizo zilikuwa 62 na 45. Mwaka 2017, kutokana na matokeo hayo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya aina hiyo vitumike mahali ambapo mbu wameizoea pairethroidi.

Mpangaji hana budi kuzisoma idadi hizo kwa njia mbili. Kwanza, chandarua bora kilibaki kuwa bora hadi mwezi wa 21. Pili, katika makundi yote mawili maambukizo yaliongezeka kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Haiwezi kudaiwa kwamba kuchakaa peke yake ndiko kulikosababisha ongezeko hilo, kwani mvua na majira huchangia pia. Lakini uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine: baada ya mwaka wa kwanza wakazi 77 katika kila 100 walisema wanalala ndani ya chandarua, na katika mwaka wa pili walikuwa 59 tu. Kinga ilikuwa ikipungua hata kabla ya kutimia miaka miwili.

HESABU YA MPANGAJI

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba kata moja imegawiwa vyandarua 1,000. Baada ya mwaka mmoja vinavyofaa ni 850, baada ya miaka miwili 500, na baada ya miaka mitatu 220. Kufikia mwaka wa nne hakuna kinachofaa.

Mpangaji anayedhani kila chandarua huishi miaka mitatu ataandika: 1,000 × 3 = 3,000. Hiyo ni jumla ya miaka ya kinga anayodhani ameitoa katika kipindi hicho. Hesabu ya kweli hupatikana kwa kuchukua wastani wa mwanzo na mwisho wa kila mwaka:

Mwaka wa kwanza: (1,000 + 850) ÷ 2 = 925.
Mwaka wa pili: (850 + 500) ÷ 2 = 675.
Mwaka wa tatu: (500 + 220) ÷ 2 = 360.
Jumla: 1,960.

Kwa hiyo kata imepata takriban theluthi mbili tu ya kinga iliyoandikwa katika mpango. Theluthi iliyobaki ilikuwa katika karatasi.

Sasa tuseme kata hiyo hiyo inagawiwa vyandarua 389 kila mwaka badala ya 1,000 kila baada ya miaka mitatu. Baada ya miaka michache, mara tu baada ya ugawaji, kutakuwa na vipya 389, vya mwaka mmoja 331, vya miaka miwili 195, na vya miaka mitatu 86. Jumla takriban 1,000. Siku moja kabla ya ugawaji unaofuata vitakuwa vimepungua hadi 611 hivi. Katika mpango wa kwanza idadi hushuka hadi 220. Mpango wa kila mwaka hutumia vyandarua 1,167 kwa miaka mitatu, yaani 167 zaidi, lakini hauiachi kata uchi wakati wowote. Hii ndiyo hoja ya kutumia shule kama njia ya kugawia.

Bei nayo isomwe kwa kipimo cha umri. Chandarua cha shilingi 9,000 chenye umri wa kati wa miaka 2.0 hugharimu shilingi 4,500 kwa mwaka. Chandarua cha shilingi 10,400 chenye umri wa kati wa miaka 2.6 hugharimu shilingi 4,000 kwa mwaka. Cha bei ya juu ndicho rahisi. Kanuni hii hufaa pia kwa fulana, mikoba, madaftari na viti vya shule: gharama halisi ya kitu ni bei igawanywe kwa muda wa kufaa.

MTUMIAJI HUONGEZA AU HUPUNGUZA UMRI

Kiwanda huamua unene wa uzi na wingi wa dawa. Mengine huamuliwa nyumbani. Kitanda cha miti yenye ncha hukata chandarua kinapochomekwa chini ya godoro. Panya huvutwa na chakula kilicholiwa kitandani. Cheche ya koroboi au mshumaa huyeyusha nyuzi mara moja. Mtoto huvuta upande mmoja akitoka kitandani usiku.

Kufua kwa nguvu na kwa dawa kali za kutakatisha huondoa kiuatilifu upesi. Inafaa kufua taratibu, kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo ya moto, na kuanika kivulini, kwa sababu mwanga mkali wa jua huharibu dawa. Mchana chandarua kifungwe fundo na kuinuliwa juu, mbali na watoto na kuku. Tundu lishonwe likiwa dogo.

Chandarua kinapotumiwa kufunika miche au kuzuilia vifaranga, watu hulaumu wenye nyumba. Swali la kisayansi ni hili: je, kilipelekwa bustanini kikiwa kizima, au baada ya kuchanika? Kama kilikuwa kimekwisha, bustani haikukiua, imekizika tu. Kama kilikuwa kizima, mpango umepoteza kinga, na mpangaji atafute sababu. Kwa vyovyote, chandarua kilichochakaa kisiondolewe kitandani kabla ya kupatikana kipya, kwa kuwa hata chenye matundu hutoa kinga kiasi.

KAZI YA DARASA

Mwalimu wa hisabati au wa biolojia aweza kufanya uchunguzi mdogo pamoja na wanafunzi wake katika kata ya Ndama au kwingineko. Kila mwanafunzi akague vyandarua vya nyumbani kwao tu, kwa ruhusa ya wazazi. Aandike mwezi na mwaka chandarua kilipopatikana, kama bado kipo, kama mtu alilala ndani yake usiku uliopita, na matundu ya kila saizi. Majina ya wenye nyumba yasiandikwe. Vyandarua vilivyokwisha kuondoka nyumbani vihesabiwe pia. Wanaohesabu vilivyopo tu hupata umri mrefu kuliko wa kweli. Darasa lichore grafu: miaka kwenye mhimili wa mlalo, na asilimia ya vinavyofaa kwenye mhimili wa wima. Mahali mstari unapokata asilimia 50 ndipo penye umri wa kati.

MASWALI

1. Chandarua kina matundu 6 ya saizi 1, matundu 3 ya saizi 2, na tundu 1 la saizi 3. Tafuta kielezo chake. Je, bado kinafaa? Ni tundu lipi lishonwe kwanza, na kielezo kitakuwa ngapi?

2. Kipenyo cha wastani cha tundu la saizi 1 ni sentimeta 1.25. Onyesha kwamba kielezo cha 642 ni sawa na matundu yenye jumla ya eneo la takriban sentimeta za mraba 790.

3. Katika mfano wa vyandarua 1,000, tuseme kushona matundu kumeongeza vinavyofaa baada ya miaka miwili kutoka 500 hadi 650, na baada ya miaka mitatu kutoka 220 hadi 350. Kinga imeongezeka kwa miaka mingapi?

4. Shule inataka kuwapa wanafunzi mikoba. Mkoba wa shilingi 6,000 hudumu mwaka mmoja na nusu. Wa shilingi 10,500 hudumu miaka mitatu. Upi ni rahisi kwa mwaka?

5. Taja kitu kimoja kilichowahi kugawiwa bure katika kijiji au mtaa. Kilikwisha kwa njia ipi kati ya zile nne? Mgawaji angefanya nini ili kiwafae watu kwa muda mrefu zaidi?